Viapo Viwili vya Kinyozi

Mliponiacha nilikuwa kwenye kile chumba kidogo mwisho wa wodi, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mdomo wazi, sauti haitoki.

Kwa wewe unayenikuta leo kwa mara ya kwanza: mimi ni kinyozi. Nina mke mmoja na mtoto mmoja wa kike, ana miaka tisa, na tangu ajue kuongea hajawahi kunyamaza. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Chiriku.

Chiriku ana saratani ya damu. Tukatibu, ikaondoka, ikarudi. Tukatibu tena, ikaondoka, nikafurahi mpaka nikanyoa watu bure kutwa nzima. Sasa imerudi kwa mara ya tatu.

Daktari wake, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alituita akatuambia njia zimebaki mbili. Tumpe tena dawa kali, kali kuliko zote alizowahi kupewa, ambayo pengine haitamponya na pengine itamuua yenyewe. Au tuache. Abaki na dawa za maumivu tu, arudi nyumbani, akae na watu wake mpaka siku yake ifike.

Mke wangu alinyanyuka, akaipiga meza kofi, boksi la tishu likaruka likaanguka chini. Akatoka.

Daktari akanigeukia. "Na wewe baba, unasemaje?"

Hapo ndipo tulipokomea.

Basi. Mimi ambaye nikishika mashine ya kunyolea naongea mpaka mteja anasahau kilichomleta, siku hiyo niliinama chini ya meza. Nikaokota boksi la tishu, nikalirudisha mezani, nikalinyoosha vizuri.

"Naomba nimfuate mwenzangu," nikasema, nikakimbia.

Nilimkuta koridoni, ameegemea ukuta karibu na ndoo za kudekia. Alikuwa halii. Afadhali angelia.

"Umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu."

"Mzima wewe? Mtu anakwambia umwache mtoto afe, wewe unakaa kimya?"

"Mama Chiriku, hakusema hivyo."

"Alisemaje basi? Nifafanulie. Labda mimi masikio yangu yana nta."

Mke wangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Sketi ya Chiriku ya darasa la nne alishaishona kabla hatujalazwa, akaacha pindo refu ili akirefuka aifumue. Imetundikwa msumarini nyumbani, imepigwa pasi.

Akanishika kifua cha shati.

"Apa. Apa hapa hapa kwamba hutakubali waache."

"Mke wangu..."

"Apa!"

Nikaapa. Kwa Mungu na kwa kaburi la mama yangu. Saa ile ningeapa chochote alichotaka, maana nilimwogopa. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye ukimgusa vibaya anaanguka chini mazima na hainuki tena.

Akaniachia shati, akalipangusa lisionekane limekunjwa, akaenda nyumbani kuoga na kufua.

Zamu ikawa yangu.

Chiriku alikuwa kitanda cha dirishani, mito miwili mgongoni, mikono imekonda mpaka bangili aliyopewa na shangazi yake amehamishia kifundo cha mguu. Baada ya dawa za mara ya pili nywele zilimwota, lakini ziliota ovyo, huku zimejaa, kule kipara.

"Baba, nimekuwa kama zulia lililotafunwa na panya," aliniambia. "Nisawazishe basi. Au mpaka nipange foleni?"

Nikamwomba sista ruhusa.

"Wembe hapana," sista akanionya. "Damu yake ikianza kutoka haijui kusimama. Mashine tu, na uifute kwa spiriti."

Niliifuta mashine mpaka sista mwenyewe akacheka, akasema inatosha, unataka kuipeleka harusini?

Nikamkalisha Chiriku kwenye kiti, nikamfunga shuka shingoni, nikaanza nyuma ya kisogo. Polepole. Kichwa chake nakijua kuliko kiganja changu. Nimekinyoa tangu akiwa mchanga.

"Baba, wateja wako huwa wanakuambia siri?"

"Wengi tu. Mtu akishafungwa kitambaa shingoni anaropoka mwenyewe."

"Siri kama gani?"

"Nikikuambia zitakuwa siri tena?"

"Hata mama humwambii?"

"Hata mama yako."

Akafikiri. "Basi leo mimi ni mteja."

Nikacheka. Nilidhani ataniambia habari za marafiki zake wa darasani, nani kagombana na nani.

"Sitaki tena ile dawa," akasema.

Mashine ikabaki inanguruma hewani.

"Dawa ipi?" Kama vile sijui.

"Ile kali. Inayonichoma kuanzia mdomoni mpaka tumboni. Nilimsikia daktari anamwambia sista kwamba mtaulizwa. Nilijifanya nimelala. Mama akiwa hapa huwa najifanya kila siku. Akiniuliza pameacha kuuma, nasema pameacha."

"Kumbe hapajaacha?"

"Hapaachi, baba."

Alisema kawaida tu, kama anayesema mvua inanyesha. Mimi nikashika mgongo wa kiti.

"Lakini mama, dawa ndiyo inayokuponya."

"Ndivyo mlivyosema mara ya kwanza. Na ya pili mkasema hivyohivyo. Mimi nataka nyumbani. Nilale kitandani kwangu nisikie cherehani ya mama."

Nilitafuta mzaha wa kumjibu. Ninayo mizaha ya kila kichwa: ya vipara, ya wenye mvi, ya mabwana harusi.

"Baba, tukiacha dawa nitakufa?"

Nikazima mashine.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna. Kila mtu nikimuuliza ananiletea juisi. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Ninyi mnaosoma mmekaa zenu kwenye viti, mnaweza kusema mngejibu hivi au vile. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake namshukuru Mungu kwamba hanioni uso.

"Huenda," nikasema. Sauti haikuwa yangu.

"Na nikiwekewa?"

"Huenda pia."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei mbili sokoni anazipima.

"Basi bora nyumbani. Apa kwamba hutawaruhusu."

"Chiriku..."

"Apa, baba. Na usimwambie mama kwamba nimesema mimi. Atalia. Mama akilia mimi ndio nashindwa, naumwa zaidi."

Nikaapa. Mdomo uleule, siku ileile.

"Haya, malizia," akaniambia. "Upande huu bado. Utanirudisha kitandani nimenyolewa nusu?"

Kesho yake asubuhi tukaitwa tena kwenye kile chumba. Safari hii mke wangu hakuja peke yake. Alikuja na kaka yake mkubwa, shemeji yangu, mkuu wa shule, mtu ambaye anaongea na kila mtu kama amemkuta nje ya darasa wakati wa kipindi.

Shemeji hata hakungoja daktari akae.

"Daktari, swali letu ni dogo. Dawa ipo au haipo?"

"Ipo."

"Mpeni basi. Kikao cha nini?"

"Kikao ni cha kujiuliza kama dawa itamsaidia yeye," daktari akasema, "au itatusaidia sisi wakubwa tujione tumefanya kitu."

Mke wangu akainua kichwa. "Nikuulize na mimi. Katika watoto wote waliofika hapa alipofika wangu, wakapewa hiyo dawa, hakuna hata mmoja aliyepona?"

Nikamwomba daktari moyoni aseme hakuna. Angesema hakuna, tungelia siku hiyo mambo yakaisha.

"Wapo," akasema. "Ni wachache mno, na waliteseka sana. Lakini siwezi kukudanganya kwamba hawapo."

"Basi wangu ni mmoja wa hao."

Feni ya darini ilikuwa inazunguka na kulialia.

"Ningependa mkubaliane wote wawili," daktari akasema. "Mama nimemsikia. Baba?"

Wote wakanigeukia. Nikamtazama mke wangu, nikakumbuka kiapo cha koridoni. Nikatazama mikono yangu, nikakuta chini ya kucha pamebaki kinywele kimoja cha Chiriku.

"Mtoto hataki," nikasema.

Maneno mawili tu, na kwa hayo mawili nikavunja viapo vyote: cha mama na cha mwana.

Mke wangu aliuliza polepole sana. "Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Lini?"

"Jana. Nilipokuwa namnyoa."

"Ajabu. Mbona mimi juzi kaniuliza kama sketi yake mpya ina mifuko? Mtu asiyetaka kupona anauliza mifuko?"

"Anakuambia hivyo kwa sababu hataki..." Nimalizie vipi? Hataki ulie? Anakuigizia? Kila siku ukimshika mkono anajifanya?

Shemeji akadakia. "Mtoto wa miaka tisa ndiye anayeulizwa mambo ya kufa na kupona? Kwangu mtoto wa miaka tisa haachiwi hata achague viatu."

"Haamui peke yake," daktari akamjibu. "Lakini lazima tumsikilize. Mwili ni wake, maumivu ni yake."

"Sawa," mke wangu akasimama. "Twendeni tukamsikilize."

"Mama, si hivi, si kwa kundi, niachie mimi nizungumze naye kwa utaratibu..." daktari akamsihi.

Alishafika mlangoni.

Tukamfuata kama watu wanaofuata ugomvi. Mimi nilikuwa wa mwisho, natamani ile koridoo iendelee tu isifike mahali.

Chiriku alikuwa anakunywa maji kwa mrija. Kichwa kimesawazishwa, kinang'aa. Alipotuona wote akaweka kikombe chini.

Mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, nikuulize kitu. Baba yako anasema hutaki dawa. Ni kweli?"

Alijitahidi kuuliza kawaida, lakini kidevu kilikuwa kinamcheza. Mtoto yeyote angekiona, na huyu anakitazama kidevu hicho tangu azaliwe.

Chiriku akamtazama mama yake. Akamtazama muda mrefu. Halafu akatabasamu.

"Nataka dawa, mama. Nataka kupona nianze darasa la nne."

Mke wangu alimkumbatia, akamziba uso wote kwa kifua chake.

Juu ya bega la mama yake, macho ya Chiriku yakanitafuta mpaka yakanipata. Wallahi hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananiuliza tu: mbona umesema?

Mke wangu alipogeuka hakunipigia kelele. Nilizitaka kelele.

"Kama umechoka kuuguza, sema umechoka," akaniambia. "Usimtumie mtoto wangu akusemee."

"Sijachoka. Naapa..."

"Wewe usiape tena."

Shemeji akanishika kiwiko. "Toka nje kidogo, shemeji. Kapunge upepo." Akanitoa kama anamtoa mwanafunzi aliyekutwa na karatasi ya majibu.

Nikasimama nje ya mlango. Mama mmoja aliyekuwa anamwogesha mwanawe kitanda cha pili alikuwa amesikia yote. Akanitazama, halafu akavuta pazia.

Daktari akatoka, akasimama pembeni yangu. Nikajua ananifukuza.

"Nakuamini," akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Mara ya pili alipowekewa dawa, nilikuwa namwona. Alikuwa anasubiri mama yake atoke ndipo atapike. Anapanga kabisa. Kuna siku alimtuma chini akamletee chungwa ambalo hakulila."

"Basi kamwambie mke wangu!"

"Nikimwambia mimi, ataona ni daktari aliyekata tamaa anatafuta kitanda kiwe wazi. Na wewe ameshakuona msaliti. Amebaki mtu mmoja tu anayeweza kumwambia akasikia, na huyo ndiye anayemficha."

Nikajifuta uso kwa mkono wa shati. Kulikuwa na swali lililokuwa linanitafuna tangu nilipozima ile mashine, nikalitoa.

"Daktari, na kama tunakosea? Tukamrudisha nyumbani, kumbe alikuwa mmoja wa wale wachache?"

Nilitaka aniambie haiwezekani. Amesoma, ana koti jeupe, ndiyo kazi yake kuniambia haiwezekani.

"Hilo swali mimi pia sina jibu lake, baba," akasema. "Ningekuwa na uhakika, nisingewasumbua na vikao."

Hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote. Mpaka dakika ile nilifikiri kuna mtu anajua, na sisi tunabishana tu kwa sababu hatujui. Kumbe hakuna. Nikisema hapana, huenda namuua mtoto ambaye angepona. Nikisema ndiyo, namfunga kitandani achomwe moto tumboni siku zake za mwisho, naye kaniapisha nisiruhusu. Na yeyote kati yao nitakayemsaliti, ama nitalala naye nyumba moja ama nitamzika.

"Dawa iko tayari," daktari akaendelea. "Kila siku tunayongoja inapunguza hata hiyo nafasi ndogo. Mama amekubali. Mtoto amesema anataka, mbele ya watu. Nikisimamisha, lazima mmoja wenu aseme hapana waziwazi, halafu tuanze upya na wataalamu wengine wakae nasi. Unasema hapana?"

"Nipe dakika moja."

Nikaenda chooni. Nikafungua bomba lipige kelele, nikatapika kila kitu mpaka vikabaki vitu vya kijani. Kwenye kioo niliona mtu mwenye ndevu zilizoota ovyo. Kinyozi mzima.

Niliporudi, sista alishafika kitandani na sinia lake: sindano, pamba, mpira mwembamba wa kufungia mkono, na mfuko wa dawa umefunikwa na plastiki nyeusi kwa sababu dawa hiyo haitakiwi kupigwa na mwanga. Daktari alikuwa miguuni pa kitanda. Shemeji dirishani. Mke wangu amekaa upande wa pili, ameshika mkono wa kushoto wa Chiriku, anamsimulia habari za sketi. Ndiyo, ina mifuko. Miwili.

Hakuna aliyenisalimia. Daktari tu ndiye aliyeinua nyusi kidogo, kuniuliza.

Sista akasema, "Haya, mrembo, tupe mkono."

Chiriku alikunja mkono wa gauni mwenyewe mpaka begani. Hakungoja asaidiwe. Akaunyoosha ule mkono mwembamba juu ya shuka, kiganja kimeangalia juu, na bado anatabasamu kumwelekea mama yake, anaitikia habari za mifuko, ehee, ehee, halafu?

Lakini mimi nilikuwa nimesimama upande wa miguu, nikaviona vidole vya miguu yake vilivyochomoza chini ya shuka. Vilikuwa vimejikunja, vimekaza, kama mtu anayening'inia ukingoni.

Sista akafunga mpira. Akapapasa mshipa kwa kidole. Akafuta kwa pamba.

Nikafungua mdomo.

Sijui nilitaka kusema nini. Nikiwaambia nilijua nitakuwa nawadanganya. Nilichojua ni kwamba sauti ilikuwa inakuja, nilihisi inapanda kifuani.

Chiriku aliiona kabla haijatoka. Tabasamu likamwishia ghafla. Akanikazia macho, akatikisa kichwa. Mara moja tu, kidogo sana. Usiseme, baba.

Nikafunga mdomo.

Ila hatukuwa wawili peke yetu. Zile habari za sketi zilikuwa zimekatika katikati. Mke wangu alikuwa anamtazama binti yake, halafu akanitazama mimi, halafu akamtazama tena binti yake, na rangi ilikuwa inamtoka usoni polepole.

"Sista, subiri kidogo," akasema.

Sindano ikasimama juu ya ngozi.

Akamshika Chiriku kidevu kwa vidole viwili, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akamgeuzia uso kwake.

"Mwanangu," akamuuliza, "baba yako unamkataza asiseme nini?"